Simenti Iliyopoteza Mng'ao

Kwenye dirisha la chumba changu cha Isevya, hapa Tabora, kuna chupa ya maji yenye vipande vidogo vyeupe chini yake, vinene kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Wageni hudhani ni dawa. Ni simenti ya kuzibia meno. Mimi huiingiza kwenye mirija ya soda ikiwa bado laini, nikaiacha igande, kisha nikauchana mrija kwa wembe na kukitia kipande majini, kwa sababu mdomo wa mtu haukauki. Wiki ikiisha nakitoa, nakibana kwa koleo na kusikiliza. Kipande kizuri hukaa kimya muda mrefu, halafu hupasuka mara moja, tap! Kibaya hulalamika mapema na kumomonyoka kama chokaa.

Unga ninaoutumia ni ule uliopitwa na tarehe, ambao daktari wangu alikuwa akiutupa. Nilimwomba. Aliniangalia, akanipa, hakuuliza.

Sikusomea meno chuoni. Niliajiriwa kuandika majina ya wagonjwa na kuchemsha vyombo katika kliniki ndogo ya daktari huyo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Barua ya kuomba kazi niliiandika upya mara kumi na moja, na siku ya kuipeleka nilimwomba anirudishie kidogo niongeze nukta. Dada aliyekuwa akimchanganyia dawa alipoolewa na kuhamia Nzega, kazi ya kuchanganya ikaniangukia mimi kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale. Nilijifunza kwa kutazama mikono ya daktari, kwa kusoma karatasi nyembamba inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, na kwa kuziangalia video za simu mpaka macho yakaniwasha. Nilikuwa na hofu. Bado ninayo. Mtu anapolala kwenye kile kiti na kufungua mdomo, mimi huona miaka yake kumi ijayo imelala juu ya kikaratasi changu cha kuchanganyia.

Simenti yenyewe ni kitu rahisi. Kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa, tone moja la maji yake mazito. Unagawa unga mara mbili, unaingiza nusu ya kwanza, unaingiza ya pili, unakandakanda kwa kijisu cha plastiki. Ndani ya nusu dakika mchanganyiko unang'aa kama ulimi. Mng'ao huo ndio uhai wake. Ukiwa bado unang'aa, simenti inalishika jino na jino linaishika. Ukififia, simenti itajaza shimo na itaonekana nzuri, hata ukiigonga italia vizuri, lakini imekaa tu humo kama mpangaji. Haijashikana na mtu.

Nilipolielewa hilo nililiwaza kila mahali. Asubuhi njia yangu ya kwenda kazini inapita mahali ambapo wazee husema misafara ilipita zamani, na wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa bado halijaamka, huwa nawaona wapagazi wakija kinyume changu kwa mstari mmoja. Wamebeba meno ya tembo mabegani. Mimi huwaangalia mashavu. Najiuliza ni wangapi kati yao walitembea kutoka Ujiji mpaka pwani na gego linalopwita, hatua moja pigo moja, wakiwa wamebeba jino la mnyama lisilo na tundu hata moja. Hawanijibu. Hupita ndani ya vumbi, nami nikajikuta mlangoni pa kliniki na ufunguo mkononi, sikumbuki nimefikaje.

Mwezi wa kumi, joto likiwa kali na mvua bado, Bibi alikuja kutoka Goweko.

Bibi huyu ni mama yake baba yangu. Tangu nikiwa mdogo ananiita mke mwenzake, kwa kuwa kwetu, kwa utani, mjukuu wa kike hushirikiana mume na bibi yake, na hata Babu alipofariki hakuliacha jina hilo. Alishuka kwenye treni na mfuko wa matobolwa, viazi vikavu vya kwetu, shavu la kulia limevimba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Mume wetu angekuona angeniambia nakunyima chakula."

"Jino linauma?"

"Haliumi. Linaniita tu."

Daktari alipomtazama kwa kile kioo kidogo, nami nikiwa nimeshika taa, niliona kilichokuwa humo. Bibi amebakiwa na meno tisa, na kati ya hayo ni magego mawili tu yanayokutana, la juu na la chini, upande wa kulia. Mengine yanatazama ufizi mtupu. Yote anayotafuna hupita kati ya hayo mawili, na la chini lilikuwa na shimo ambalo ungeweza kuficha punje ya mtama.

"Hili watu wengi wangeling'oa," daktari akasema.

Bibi akafunga mdomo, kioo kikiwa bado ndani. Kilipotolewa akasema, "Likitoka hilo ninabaki na uji. Na nikianza uji, wakwe zangu wataanza kugawana kanga zangu. Nawajua."

"Bibi, hakuna atakayegawana kanga," nikasema.

"Wewe ndiye wa kwanza. Ile ya njano umeitolea macho siku nyingi."

Daktari hakucheka, lakini aliweka koleo la kung'olea kando. Alisema shimo halijafika kwenye mshipa. Lilikuwa chini, karibu na ufizi, mahali penye unyevu usiokwisha, kwa hiyo ile dawa ya kugandishwa kwa mwanga wa buluu isingekaa vizuri, lakini simenti ingevumilia. Si ngumu kama zile nyingine, akasema, na kwenye gego la kutafunia italika pole pole, lakini ikishika vizuri itampa miaka. Akaanza kukwangua kwa mkono, taratibu, na sauti ile ya chuma juu ya jino laini ikajaa chumba. Bibi alikuwa ameyafumba macho kama mtu anayesukwa nywele.

Nilichanganya. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nisingependa kulipa jina lingine.

Nilipima unga nikausawazisha mara mbili. Nilidondosha tone nikalitazama kama lina povu. Nikaanza kukanda, na simenti ikang'aa, nzuri kabisa, tayari. Lakini pembeni niliona kichembe cha unga ambacho hakijalowa, kidogo kama jicho la sisimizi. Kwa mgonjwa mwingine pengine ningekiacha. Huyu alikuwa Bibi. Niliwaza magego mawili, na kichembe kile nikakiona miaka mitatu baadaye kimekuwa ufa. Nikakifuata kwa kijisu. Kikakimbia. Nikakifuata tena, nikakunja, nikabonyeza, nikalainisha, na kwa kitambo fulani sikuwa kliniki kabisa. Nilikuwa ndani ya weupe ule, mahali tulivu sana pasipo na kosa lolote. Nilipotoka humo kichembe kilikuwa kimekwisha. Na mng'ao pia.

Daktari alikuwa amenyoosha mkono, macho yake mdomoni mwa Bibi.

Nilimpa.

Aliibonyeza kwenye shimo, akasita. "Mbona nzito?"

"Ni joto, daktari."

Neno hilo lilitoka haraka kuliko neno lolote nililowahi kulisema. Na lilikuwa na mantiki. Joto la mwezi wa kumi huiharakisha simenti, kila mtu kwenye kazi hii anajua. Daktari akaguna. Akapaka mafuta kidoleni, akakandamiza, akamwambia Bibi aume, akakwangua palipozidi. Lilionekana jino zima. Lilionekana kazi safi kuliko zote nilizowahi kuchangia.

"Saa nzima usile kitu, Bibi," daktari akasema. "Na leo upande huu uuache upumzike."

"Nimesikia, mwanangu."

Nilimsindikiza stesheni. Aliniaga kwa kunishika mashavu yote mawili, akaniambia nina mikono ya fundi.

Zikaja siku ambazo sikutulia ndani ya mwili wangu. Nilitengeneza vipande viwili kwenye mirija, kimoja cha simenti yenye mng'ao na kingine nilichokikanda mpaka kikafifia, nikaviweka majini pamoja. Nilivibana baada ya wiki. Kilichofifia kilipasuka mapema, ila si mapema kama nilivyoogopa, na hilo lilinitesa zaidi kwa sababu lilinipa tumaini. Nilianza kuhesabu milo ya Bibi. Nilifikiri kwamba kinachoua kizibo si pigo moja kubwa. Ni mapigo madogo yasiyohesabika, chai ya moto halafu maji ya mtungi, ugali, mlenda, jiwe moja kwenye mchele. Ufa huanzia mahali pasipoonekana na kutembea polepole, usiku na mchana, mtu akiwa anacheka. Nikiwa naandika majina ya wagonjwa niliuona ufa ule ukitembea Goweko.

Nilipiga simu kila Jumapili.

"Jino linaendeleaje, Bibi?"

"Lipo."

"Unatafuna?"

"Mke mwenzangu, unaniuliza jino kama vile nimeliazima kwako."

Krismasi ilipopita, majibu yake yakabadilika. Nikiuliza jino, yeye aliuliza mvua. Nikiuliza tena, mtandao ulikatika. Jumapili moja shangazi yangu anayeishi naye ndiye aliyepokea, akasema Bibi yupo, ila siku hizi anakula uji tu, anasema ana tumbo.

Nilipanda treni kesho yake.

Mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Nje ya dirisha miombo ilikuwa kijani mpaka ndani, tumbaku changa imesimama kwenye matuta, na maji yamelala kando ya reli yakitazama juu. Treni ilienda kama mtu anayewaza jambo. Niliandaa nitakachosema. Nilikipanga vizuri, nikakifuta, nikakipanga upya. Nilitaka kiwe na maneno machache na kisiwe na neno "joto". Ilipofika stesheni ya Goweko nilikuwa nacho chote kichwani, kamili.

Bibi alikuwa barazani akichambua mboga. Aliponiona hakutania. Aliingia ndani, akatoka na kanga, ile ya njano, akafungua fundo kwenye pembe yake. Ndani mlikuwa na kizibo. Kizima, cheupe, kina umbo la shimo lake, hata michirizi ya kijiko cha kukwangulia ilikuwa imechapwa chini yake. Hakikuvunjika. Kilikuwa kimetoka tu, kama mpangaji.

"Kimetoka lini?"

"Wiki mbili. Nilikuwa nakula kiazi, kiazi tu." Akakaa. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimekuharibia kazi yako."

Sikuelewa.

"Siku ile stesheni," akasema, "treni ilichelewa. Nilikuwa na njaa. Nikaweka tobolwa shavuni."

Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama gome. Kwetu mtu haanzi kwa kuyatafuna. Huyaweka shavuni yalainike, na safari nzima inaweza kuisha kwa vipande viwili. Hakuna mtu atakayekuambia kwamba huko ni kula.

"Daktari alisema usile," nikasema.

"Sikula! Nilimumunya. Ila lilikuwa upande huohuo, na nadhani nililibonyeza kidogo kwa jino. Labda mara mbili. Nimefikiri sana. Ndiyo maana sikukwambia. Umenifanyia kazi nzuri vile, mbele ya mwajiri wako, halafu mimi mzee mzima nashindwa kukaa saa moja."

Alikuwa anatazama chini. Bibi yangu, ambaye sijawahi kumwona akimwomba mtu yeyote samahani, hata mvua.

Sasa niseme nilichofanya. Yale maneno yangu kamili niliyokuwa nayo kichwani niliyatazama, na nikaona kwamba hayahitajiki tena. Kosa lilikuwa limekwisha kupata mwenyewe. Na inawezekana kweli lilikuwa lake; simenti iliyobonyezwa kabla ya saa kutimia inaweza kulegea hata ingekuwa imeng'aa kama nyota. Hakuna koleo wala chupa ya maji ambayo ingeweza kuniambia. Nikamshika bega.

"Usijali, Bibi," nikasema. "Yameshapita."

Akashukuru. Akanishukuru! Shangazi akaleta chai, tukazungumza habari za tumbaku, na jioni ile ilikuwa nzuri sana, mwanga wake wa dhahabu, sauti za vyura zikianza bondeni, nami nikiwa katikati yake nimesamehe watu. Sijawahi kujichukia kwa utulivu kiasi kile.

Kesho yake nilimleta Tabora. Ndani ya treni alilala, kichwa begani mwangu, na kila tulipopita maungio ya reli jino la juu liligonga la chini kwa sauti ndogo, upande ule wenye shimo. Nililisikiliza mpaka mjini.

Daktari alitazama kwa muda mrefu. "Bado lipo," akasema. "Ila ukuta wa nje umekuwa mwembamba. Tunajaribu mara moja. Kikitoka tena, jino hili halitabaki na kitu cha kushikia, nitaling'oa."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Akamwambia daktari, "Safari hii hata mate sitameza. Ile ya kwanza niliiharibu mimi, mwanangu, na mtoto huyu hata hajanikasirikia."

Daktari alianza kukwangua. Akaweka pamba huku na huku, akaniambia nichanganye. Bibi alikuwa amelala mdomo wazi, pamba kila upande, hawezi kusema neno. Nakiri nilichagua wakati huo kwa sababu hiyo.

"Ile ya kwanza ilikuwa imefifia," nikasema. Nilikuwa nasawazisha unga kwenye kijiko. "Niliikanda kupita kiasi. Niliona, nikaitoa hivyohivyo. Halikuwa joto. Na jana, Bibi, ulipoomba samahani, nilijua, nikanyamaza."

Bibi alitoa sauti kutoka kooni, ndefu, ambayo sikuweza kujua ni ya kitu gani. Jicho lake la upande wangu lilikuwa limenikodolea.

Daktari hakuinua kichwa. "Tutaongea mimi na wewe," akasema. "Sasa changanya. Ninahesabu."

Niliweka nusu ya kwanza, nikaweka nusu ya pili. Ikang'aa. Pembeni palikuwa na kichembe, si kimoja, viwili, na kila kilichomo ndani yangu kikavielekea. "Lete," daktari akasema. Nikampa, na vichembe vyake.

Alikandamiza kwa kidole, akahesabu kwa sauti, akakitoa. Akamwondolea Bibi pamba.

Nilingoja Bibi aseme. Alikaa kwenye benchi la nje saa nzima, mgongo wima, midomo imebanwa, mfuko mapajani, akitazama barabara kama mtu anayesubiri picha ipigwe. Daktari naye aliniita ndani, akaniambia maneno machache ambayo ningependa yabaki ya wawili, na kwamba kwa mwezi mzima atachanganya mwenyewe. Nilipotoka saa ilikuwa imekwisha. Bibi akasimama.

"Wiki mbili," akasema. "Nimekula uji wiki mbili kwa ajili ya aibu yako. Nikiwaza nimekuvunjia jina."

"Nisamehe, Bibi."

"Ungeniambia jana barazani ningekucheka, yakaisha. Sasa nimekasirika, na sijui nitakasirika mpaka lini. Nikijua nitakuarifu."

Alikataa nimbebee mfuko. Stesheni, alipopanda treni, alikaa dirisha la upande mwingine.

Mwezi wa pili wote simu zilipokewa na shangazi. Anakula? Anakula. Upande upi? Shangazi hakujua, na aliniambia nisimchoshe. Nilirudi kwenye kuchanganya mwezi wa tatu, na mkono wangu ulijifunza kusimama, ingawa moyo bado hukimbilia pembeni kila mara. Simenti ile nayo, daktari aliniambia bila kuulizwa, italika. Zote hulika. Miaka kadhaa ikipita tutaifungua na kuweka nyingine, kama jino litakuwepo, kama sisi tutakuwepo.

Jumapili moja mwishoni mwa mvua, simu ilipokelewa na hakuna aliyesema haloo. Nilisikia kuku, mchi kwa mbali, na pumzi ya mtu.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Hakuitikia. Badala yake nikasikia karanga ya kukaanga ikiwekwa kati ya meno, karibu kabisa na simu, kisha ikapasuka. Halafu nyingine. Kavu, ngumu, moja baada ya moja, bila haraka.

Nilijizuia kadiri nilivyoweza.

"Upande wa kulia?" nikauliza.

"Wa kulia," akasema, na akakata simu.